Sauti Aliyopewa Mjane

Kazi ya kushona shanga haina kelele. Cherehani zilikaa chumba cha mbele, wanakoingilia wateja. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mkono tu: fremu mbili za mbao zilizowambwa kitambaa cheupe mpaka kikakaza, vibakuli vya shanga, sindano nyembamba kama unywele, na wanawake walioinamisha shingo tangu asubuhi. Magauni ya harusi ya mji mzima yalipitia pale.

Zamani kulikuwa na redio. Shangazi, mwenye duka, aliiondoa siku ambayo fundi mmoja aliufuata wimbo kwa mabega, na mstari wa shanga kifuani mwa gauni la mtu ukatoka umepinda, ikabidi ufumuliwe wote. Tangu hapo chumba kilibaki na soga, na soga zilipokwisha kilibaki na miayo.

Ndipo Shangazi alipomleta mtoto wa kaka yake. Msichana alikuwa amemaliza chuo, masomo ya fasihi, na kazi ilikuwa bado haijamwona. Alikuwa mtu wa haya. Akipita katikati ya watu wawili wanaozungumza aliomba radhi mara mbili, mara moja kwa kila mmoja. Mshono wake ulikuwa mbaya kwa namna ya kusikitisha, maana alijitahidi kweli.

"Chuo," aliambiwa na yule fundi wa mabega, ambaye wote walimwita Kasuku kwa kipaji chake cha kuiga watu, "hiyo sindano si kalamu. Usiishike kama unaweka sahihi."

Jina likamganda. Hata Mama Pacha, fundi wa fremu ya pili, mwanamke mpole aliyelea mapacha na bado akawa na subira ya kuwagawia wengine, naye akaanza kumwita Chuo.

Siku moja Shangazi alikiangalia kipande alichoshona, akakikunja taratibu bila kusema kitu, akakiweka mfukoni kama mtu anayeficha ushahidi. Kisha akasafisha koo.

"Haya, mwanangu. Mkono huna, lakini mdomo Mungu amekupa. Kile kitabu unachokilalia kila siku, kilete utusomee."

Kilikuwa riwaya nene iliyokwisha poteza jalada. Ilihusu binti yatima anayepelekwa kuishi na Mjane, ndugu wa mbali wa baba yake, katika nyumba safi kupita kiasi. Mwandishi hakumpa Mjane jina, wala hakuhangaika kumchora. Alisema tu kwamba ni mrefu, na kwamba mikono yake ni safi kila saa. Mengine alimwachia msomaji.

Na wasomaji waliyapokea kwa mikono miwili.

"Namjua huyo," alisema Mama Pacha kabla hata sura ya kwanza haijaisha. "Mwalimu wangu wa hesabu. Ndiye kabisa. Hata viatu vyake navisikia."

"Kwani mwalimu wako alikuwa mjane?" aliuliza Kasuku.

"Alikuwa na mume. Lakini mume mwenyewe alikuwa kama hayupo."

"Mimi namwona mnene. Ana kidevu cha pili."

"Kitabu kimesema mrefu."

"Mrefu ndiyo. Wapi wamesema mwembamba? Mwachie mama wa watu kidevu chake."

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye lesi. "Nyote hamumjui," alisema. "Huyo ni mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Na niliyekaa naye nyumba moja ni mimi, si ninyi."

Wakacheka. Chuo hakusema yeye anamwona nani, na hakuna aliyemuuliza. Anayeshika kitabu hudhaniwa kwamba anaona maneno tu.

Kilichowashangaza wote, na yeye mwenyewe wa kwanza, ni sauti. Msichana aliyezungumza kama anaazima maneno na anaogopa kuyarudisha yamevunjika, akifungua kitabu alibadilika. Mlevi wa kwenye hadithi alilewa kweli. Mchungaji alikenua. Binti yatima aliongea kwa ile sauti ya chini ya Chuo mwenyewe. Lakini Mjane ndiye aliyesimamisha sindano. Mjane alianza kila maneno kwa kikohozi kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Hakupayuka. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyoishusha sauti, mpaka neno la mwisho likatoka limekatika, kama uzi uliokatwa kwa meno.

Kasuku aliuma kitambaa asipige kelele. Mama Pacha alitikisika mpaka fremu ikatikisika naye. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa Shangazi, ambaye ilibidi avue miwani na kujifuta macho kwa upindo wa gauni lake.

"Mtu kama huyu," alisema akipata pumzi, "atakufa peke yake na vyombo vyake safi. Na huyo binti siku akimwacha, mimi nitasimama hapa nipige makofi. Soma, mwanangu, soma."

Chuo akasoma. Kila siku alisubiri mahali Mjane atakapoingia, kama mtu anayejua kwamba mbele kidogo barabara ina mteremko. Hakuwahi kuwachekesha watu maishani mwake. Kutoka chumba cha mbele alimsikia Shangazi akiwaambia wateja, "Huyo mnayemsikia ni wa kwetu, ana chuo huyo," na jioni, wakirudi nyumbani, alitembea nyuma ya Shangazi mgongo ukiwa umenyooka kidogo kuliko ilivyokuwa kawaida yake.

Aliyemfungua macho ni Kasuku. Walikuwa kwenye karo ya nyuma, wakiosha vikombe vya chai.

"Chuo, wewe ni hatari," Kasuku alisema. "Mimi nimeitwa Kasuku tangu nina meno ya utoto, lakini kumwigiza bosi mbele ya bosi, hapana. Roho hiyo sina."

"Bosi gani?"

"Usinichezee."

"Kweli, dada. Bosi gani?"

Kasuku akaweka kikombe chini. Akanyoosha shingo, akainua kidevu kama mtu anayetazama chini ya miwani, akakohoa kidogo. "Haya. Kwenu hamkufundishwa kufuta miguu?"

Yalikuwa maneno ya Mjane, neno kwa neno, na sauti ilikuwa ile ile aliyoisoma Chuo jana yake. Ila sasa ilikuwa na kidevu na miwani, na Chuo akaisikia. Kikombe kikamponyoka. Hakikuvunjika. Kilizunguka kwenye karo, kikazunguka, kikitoa mlio mrefu, na wote wawili wakakisubiri kinyamaze.

"Sikukusudia," alisema Chuo.

Kasuku akamtazama vizuri, na kicheko kikamtoka usoni. "Kumbe hukujua?"

"Sikujua. Naapa."

"Basi nyamaza hivyo hivyo. Yeye mwenyewe hajashtuka. Kila siku nasema leo atajikamata, leo atajikamata, na yeye ndiye anacheka kutushinda."

"Na Mama Pacha?"

"Mama Pacha yuko darasani na mwalimu wake wa hesabu. Hasikii kitu."

Mchana ule Chuo alisoma kama anasoma maelekezo ya dawa. Mjane alipofungua kinywa, hakukohoa, hakushusha wala hakupandisha.

"Mjane ana mafua?" aliuliza Mama Pacha.

"Mwanangu, umechoka?" alisema Shangazi. "Huyu siye. Nirudishie mama mkwe wangu."

Chuo alijaribu. Alimpa Mjane sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, kisha ya mkuu wa shule yao ya zamani, kisha sauti aliyoitunga papo hapo ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Hazikushika. Alijaribu hata kumvisha uso mwingine, akijilazimisha kumwona mwanamke asiyemjua, mwenye shavu jembamba na kovu. Lakini kila mlango wa ile nyumba ulipofunguka kwenye ukurasa, aliyekuwa ameshika kitasa alikuwa Shangazi. Si Chuo aliyemleta. Alikuwa amekwisha fika.

Sasa, tangu sura za mwanzo Mama Pacha alikuwa akirekodi usomaji kwa simu yake. Wote walijua. Alimpelekea mama yake mzazi, ambaye mgongo ulikuwa umemlaza na macho yamemwacha, na ambaye alikuwa akisalimiana na Shangazi kwa simu mara moja moja. Asubuhi iliyofuata Mama Pacha aliingia na uso wa mtu aliyebeba habari tamu.

"Bosi, mama anakushukuru."

"Ananishukuru kwa lipi?"

"Kwa kumsomea. Namwambia anayesoma ni Chuo, hataki kusikia. Anasema sauti ya bosi wangu anaijua." Mama Pacha alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja limefumba, anacheka. "Eti yule msichana anaanza kusoma vizuri tu, halafu bosi anaingia katikati kumgombeza. Amenituma nikuombe, kwa heshima zote, usimseme sana yule mtoto. Anasema hana baba wala mama."

Hakuna aliyecheka naye. Kasuku aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa. Mama Pacha akatazama huku na huku, kicheko chake kikapungua kidogo kidogo, na uzi ukatoka kwenye tundu la sindano.

"Haya," alianza Shangazi, kisha akakatiza. "Weka niisikie."

"Bosi, simu yenyewe chaji…"

"Iweke."

Mama Pacha akaiweka juu ya fremu, kwenye kitambaa cheupe. Kwa muda kulikuwa na mvumo tu, na mlio wa shanga zikimiminwa kwenye kibakuli. Kisha binti yatima aliongea. Kisha kikohozi kidogo.

Ndani ya kile kisimu, sauti ilikuwa imevuliwa kila kitu. Haikuwa na kitabu, wala na msichana mwenye haya anayefunua kurasa. Ilibaki sauti tupu ya mwanamke anayemshushia mtoto maneno moja moja, na Shangazi alisikiliza kichwa kimeinama upande, kama mtu anayedhani ameitwa jina na hana hakika. Kikohozi kingine. Neno likakatika kama uzi. Halafu simu ikalipuka kwa vicheko, cha Kasuku, cha Mama Pacha, na juu ya vyote, kikubwa, kisicho na breki, cha Shangazi mwenyewe.

"Mtu kama huyu," ilisema simu, kwa sauti ile ile, "atakufa peke yake na vyombo vyake safi."

Ilikuwa vigumu kujua nani sasa anasema.

"Zima," alisema Shangazi.

Akachukua mkasi ambao hakuwa na kazi nao, akaenda chumba cha mbele.

Chuo alikaa na kitabu mapajani. Masikio yalikuwa yanawaka. Alitamani mtu amtukane. Aliyatazama mafundisho yote aliyofaulu, kwamba kitabu ni nusu tu na nusu nyingine huletwa na msomaji, na akaona hakuna mwalimu aliyewahi kuwaambia kwamba ile nusu ya pili msomaji huitoa kwa watu, bila kuwaomba.

Shangazi hakumgombeza. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alianza kuzungumza kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyolowa. Kikohozi kilipomjia alikimeza, na ungeona koo linavyopanda na kushuka. "Haya" ikawa "sawa". Maagizo ambayo maisha yake yote aliyatoa kwa sauti ya chini, sasa aliyatoa juu juu, kwa uchangamfu wa kuazima, na kila sentensi akaifungia mkia wa "tafadhali". Mteja mmoja alimuuliza kama koo linamuuma. Akasema ndiyo, linamuuma kidogo.

"Bora angetuchapa," alinong'ona Kasuku.

"Ni mimi na mdomo wangu," alisema Mama Pacha, macho mekundu. "Nilimwambia mama asikilize taarabu, akakataa."

Kitabu kilikaa rafuni kando ya vidonge vya uzi. Hakuna aliyekiulizia.

Nyumbani walikula wakitazama sahani. Chuo alikuwa amekwisha panga nguo zake kwenye begi, akazipangua, akazipanga tena, kwa sababu hakujua kipi ni kukosa adabu zaidi, kubaki au kuondoka. Jioni ya pili alisogeza sahani kando.

"Shangazi, naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini?" Ile sauti ya juu, ya ukarimu wa kuazima.

"Kwa kukuigiza."

"Uliniigiza?"

Chuo angeweza kusema ndiyo, nilikuwa natania, na pengine ingekuwa afadhali. Utani una mwisho wake. "Hapana," alisema. "Sikukuigiza. Nilikuwa nakuona. Nikisoma nakuona wewe, sauti inatoka yenyewe."

Shangazi aliweka kijiko chini. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Tangu alipomfungulia mlango."

"Kwa nini pale?"

Chuo alikuwa amekwisha anza, na hakuona njia ya kurudi isiyokuwa ya uongo. "Kwenye kitabu, binti anafika na mzigo wake, Mjane anafungua, na neno la kwanza anamwambia vua viatu. Na mimi siku niliyokuja… ulifungua mlango ukasema, 'Viatu.'"

"Sikusema karibu?"

"Ulisema baadaye."

Shangazi alitazama mlango, kama vile mtu huyo wa siku ile bado amesimama pale na anaweza kuulizwa. "Nilikuwa nimepiga deki," alisema. "Nilishinda siku nzima nasugua hii nyumba. Mtoto wa kaka yangu anakuja, ametoka chuo, asije akasema shangazi yake anaishi pachafu. Maji yalikuwa hayajakauka. Niliogopa utateleza."

Chuo alifunika uso. Machozi yalimtoka kwenye vidole, na hata machozi yenyewe aliyaonea haya, maana aliyeumizwa hakuwa yeye.

"Usilie," alisema Shangazi. Halafu, bila kuipandisha sauti wala kuishusha: "Unajua kinachoniuma? Si wewe. Nilimchukia yule mama. Kila ulipomsoma nilifurahi, nikasema amepatikana, leo mama mkwe amepatikana. Nilikaa naye miaka ile yote sijamjibu hata neno. Nikawa namjibu pale, kwenye shanga, kwa kicheko. Kumbe yule niliyekuwa namwombea mabaya ni mimi mwenyewe, na ninyi mnajua, mnanitazama."

"Mimi sikujua, Shangazi."

"Hukujua, lakini uliona." Akavuta sahani yake, akairudisha. "Mwisho anaachwa?"

Chuo akaanza kukusanya makombo mezani.

"Nakuuliza, binti anamwacha?"

"Anamwacha."

"Nilisema nitapiga makofi."

"Shangazi, naweza kuubadilisha mwisho. Nikifika pale nitasema kingine. Hawatajua."

"Usithubutu." Kwa mara ya kwanza tangu siku ya simu, sauti ilishuka kwenda chini kule ilikozaliwa, na Chuo akashangaa kujikuta anafarijika. "Nani amekutuma unionee huruma? Kesho utamaliza. Sipendi kitu cha nusu nusu kwenye chumba changu."

Kesho yake Kasuku na Mama Pacha walipoona kitabu kinashushwa kutoka rafuni, walitazamana. Simu ya Mama Pacha ilibaki kwenye mkoba, na mkoba ukafungwa zipu. Shangazi alikaa kwenye fremu yake ya kawaida, mbele yake kiuno cha gauni ambacho kilikuwa nusu kimejaa shanga.

"Mjane nimsome vipi?" Chuo aliuliza, kwa sauti ambayo ilikuwa karibu haitoki.

"Msome anavyokuja."

Sura ya mwisho haikuwa na maneno mengi ya Mjane. Alizunguka nyumbani, alikung'uta mito, aliuliza kama kuna chai. Chuo alisoma, na kikohozi kilikuja, akakiacha kitoke, na uso ukamwaka mpaka shingoni. Hakuna aliyecheka. Kasuku alikuwa ameinama, lakini mkono wake haukwenda. Binti alifunga mzigo wake. Alipita sebuleni, alivaa viatu mlangoni, akatoka nje kwenye barabara yenye vumbi.

"'Mjane alisimama kwenye kizingiti,'" Chuo alisoma. "'Alisema kitu. Lakini lori lilikuwa linapita, na binti hakukisikia. Hakugeuka.'"

Akainua macho.

"Endelea," alisema Mama Pacha.

"Imeisha."

"Imeishaje? Alisema nini?"

"Haijaandikwa."

"Huyo mwandishi mvivu," alisema Kasuku, na kicheko chake kilikuwa cha kujaribu, kama mtu anayegusa maji kwa kidole. "Alimtukana. Mtu wa aina ile akiachwa anatukana. Nenda, mbwa wewe, utarudi unalia."

"Hapana," alisema Mama Pacha. "Alimwita. Alimwambia rudi. Amezeeka, atabaki na nani? Mimi namwona kabisa, mkono ameunyoosha."

"Mwalimu wako wa hesabu huyo? Akuite urudi?"

"Kumbe hata mwalimu ana moyo. Siku niliyomaliza shule alinipa rula yake."

"Rula," alisema Kasuku. "Mapenzi hayo."

Shangazi alivuta sindano, akaipitisha, akaikaza. Hakupiga makofi.

"Alimwambia mzigo haukufungwa vizuri," alisema. "Kamba imelegea. Akifika mbali vitu vitamwagika njiani."

Kasuku akageuka. "Kamba iko wapi, Bosi? Kitabu hakijataja kamba."

"Mzigo gani usio na kamba?"

"Basi neno la kuagana ndiyo hilo? Kamba?"

"Angesema nini tena?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na haikuwa na hasira. "Amemwona kwa nyuma, anaondoka. Kinachoonekana kwa nyuma ni mzigo."

Chuo alikuwa anatazama ukurasa bila kuusoma. Ile sentensi ya lori aliijua kwa moyo. Chuoni mwalimu wao aliwapa swali hilo hilo, Mjane alisema nini, naye akajaza kurasa mbili akithibitisha kwamba ilikuwa laana. Akataja milango, akataja mikono safi, akataja ukimya wa binti. Insha yake ilisomwa mbele ya darasa, na wanafunzi wakainukuu. Katika kurasa zile mbili hakusimama kwenye kizingiti hata mara moja. Kila aliposoma aliondoka na binti, mgongo ameupa mlango, na kila mara akajisikia jasiri.

"Na wewe, Chuo?" aliuliza Kasuku. "Wewe ndiye umesomea. Alisema nini?"

Alihisi macho ya Shangazi, ingawa Shangazi alikuwa anatazama shanga.

"Sijui," alisema.

"Hata huotei?"

"Sijui, dada. Nilidhani najua."

Mama Pacha alipenga kamasi kwa kitambaa chake. Nje, chumba cha mbele, mtu alikuwa anauliza kama kuna mwenyewe, na Shangazi alimwambia asubiri. Kisha akasogeza kibakuli cha shanga, akarudi kuinama.

"Soma tena pale mlangoni," alisema. "Kabla ya lori. Polepole."

Chuo akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Safari hii hakujua Mjane ana uso gani. Aliona haya kumtazama usoni, akasoma.